Namna ya Kumsifu Mtu kwa Kiingereza Mpaka Akose Kazi

Kuna mtu unamjua, anajua kujieleza. Akikusimulia safari ya daladala kutoka Chumbageni hadi Raskazone, utadhani amevuka Sahara. Mikono inasema, nyusi zinasema, na hata akinyamaza unajua amenyamaza kwa sababu. Sasa mtu huyu amekuomba umwandikie barua ya mdhamini, tena kwa Kiingereza, na wewe kwa sifa hiyo una neno moja tu mfukoni: “expressive”. Umeliandika mstari wa pili. Mstari wa tano limejirudia. Ulipofika wa nane likaja tena, hapo ukaona aibu, kalamu ukaiweka chini, ukaanza kutafuta jingine la kupokea zamu.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya saa hiyo. Njia zake zote nimezijaribu mwenyewe, mimi niliyefundisha Kiingereza miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimezijaribu kwenye barua halisi ya mtoto wa watu. Matokeo nitayaeleza huko mbele, nikipata ujasiri.

Kwanza kabisa, lichukie neno lililokuja lenyewe. Neno lililokuja bila kuhangaikiwa litakuwa na thamani gani? Chuki hii hatukuzaliwa nayo, tulifundishwa. Mwalimu wangu alizungushia wino mwekundu kila “good” la pili, nami nilipokuwa mwalimu nikawazungushia watoto wa wenzangu bila huruma. Majirani zetu Wakenya waliifikisha kazi hii mbali zaidi. Miaka yote ya mtihani wa KCPE, kuanzia 1985 hadi 2023, kulikuwa na watoto walioingia kwenye chumba cha mtihani wakiwa wamebeba misamiati ya insha kichwani kama mzigo wa kuni. Jua lao halikuchomoza mpaka litabasamu, na hakuna aliyeamka pasipo jogoo kutoa ushahidi. Insha iwe ya ajali, ya harusi au ya siku ya gulio, asubuhi yake ilikuwa ileile.

Waingereza wenyewe wanao ugonjwa huu na wameupa jina. Ndugu wawili, Henry na Francis Fowler, katika kitabu chao The King's English cha mwaka 1906, waliuita “elegant variation”, yaani ule urembo wa kubadilisha neno kwa sababu tu mtu anaogopa kulirudia, kisha wakaucheka kwa mifano tele. Waandishi wa magazeti nao wana utani wao wa ndizi: mwandishi akishaitaja ndizi mara moja, mara ya pili anaona haya, anaandika “tunda refu la manjano”. Wewe usiwasikilize. Hao ni wenye lugha, wanaweza kula ndizi mara mbili mchana kweupe.

Ukishajenga chuki hiyo, mtafute Roget.

Peter Mark Roget alikuwa daktari, mzaliwa wa London, mwaka 1779. Mwaka 1805 alijitengenezea orodha ndogo ya maneno ya kumsaidia katika maandishi yake, akaiweka. Akatibu watu, akahadhiri, akawa katibu wa Royal Society kwa zaidi ya miaka 20, na alipopumzika kazi hizo akairudia ile orodha. Kitabu kikatoka mwaka 1852, mwenyewe akiwa na miaka 73. Alikiita “Thesaurus”, neno la Kigiriki lililopitia kwenye Kilatini, nalo maana yake ni hazina. Aliyapanga maneno ya Kiingereza katika mafungu 1,000 kwa kufuata wazo badala ya herufi, na mara nyingi akaliweka fungu na kinyume chake ana kwa ana, wasemao sana upande huu na wanyamavu upande ule, kama wenye kesi mbele ya kadhi.

Kitu kimoja Roget hakukitia: maana. Hakuona haja. Alimwandikia msomaji anayeyajua maneno tayari ila yamemponyoka kwa sasa, sawa na mtu anayetafuta miwani iliyo kichwani mwake. Kilikuwa kitabu cha kukumbushia. Sisi tukakifanya cha kujifunzia, na hapo ndipo burudani inapoanza.

Nakala yangu niliinunua Dar es Salaam, kwenye vitabu vilivyotandazwa chini kando ya njia, jalada limeshaliwa na mende. Wewe huna haja ya kuhangaika hivyo. Kompyuta na simu zina orodha zake: unabonyeza juu ya neno, maneno kumi yanashuka kama wapiga debe wa stendi, kila mmoja anakuvuta mkono akidai gari lake ndilo linaloondoka sasa hivi. Kwa upande wa Kiswahili tunayo Kamusi ya Visawe ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, ya mwaka 1998. Hiyo iweke kabatini. Ukiisoma kwa lugha unayoijua utaanza kubishana nayo, utasema hapana, hili na hili hayalingani, na mwongozo huu hauwataki wabishi.

Sasa una orodha mbele yako. Uchague vipi? Kwa rula. Neno refu lina heshima, na lenye sura ya Kilatini lina heshima zaidi. Sababu ni ya kihistoria. Mwaka 1066 Wanormani walivuka bahari kutoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, na kwa muda mrefu wakubwa wakawa wanazungumza Kifaransa na wadogo Kiingereza. Ndiyo maana ng'ombe wa Kiingereza akiwa malishoni ana jina la mchungaji, “cow”, na akifika mezani ana jina la bwana, “beef”. Baadaye wasomi wakamwaga Kilatini juu ya vyote viwili. Kwa hiyo kitu kimoja huweza kuwa na jina la jikoni, la sebuleni na la chuoni, na mgeni siku zote huamini kwamba la chuoni ndilo bora. Na tusijifanye hatuujui mchezo huo. Mswahili akitaka kuonekana kasoma, kwake hakuna mtu “anayesema vizuri”. Kuna mwenye ufasaha, na akibanwa sana anatoa balagha.

George Orwell, katika makala yake ya 1946 kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza, alishauri kwamba pasitumike neno refu pale ambapo fupi linatosha. Lakini Orwell hakuwahi kuomba kazi ya mapokezi Tanga.

Kabla hujaliacha “expressive”, litazame kwa mara ya mwisho, maana utalikumbuka. Asili yake ni Kilatini, na ndani yake mna kitendo cha kukibana kitu mpaka kilichomo kitoke. Kukamua. Kahawa ya Kiitaliano inayoitwa espresso ni ya ukoo huohuo. Mwenye kupika hahitaji kamusi hapa: nazi imekunwa, imo kwenye kifumbu, unaminya, tui linatoka. La kwanza zito, la pili jepesi, na ukizidi kuminya unapata maji yenye harufu ya nazi, hotuba nyingi za harusi zimo humo. Mwingereza akijieleza anajikamua. Kueleza kwetu sisi kumetoka kwenye kuelea. Jambo lililozama unalipandisha juu, linaelea, kila mtu analiona kama ngalawa mchana. Na yeye likimwelea, ameelewa. Mmoja anaminya, mwingine anaibua. Wazee wa kahawa wangeweza kukaa na tofauti hiyo wiki nzima, ila wewe una barua, na kesho ndiyo mwisho wa kupokea maombi.

Angalia pia kwamba “expressive” haihesabu maneno. Uso unaweza kuwa hivyo, na vidole vya mpiga udi, na ngoma. Mtu azungumzaye kwa ishara za mikono bila kutoa sauti anaweza kuwa hivyo kuliko mbunge. Orodha haikuambii hilo. Yenyewe inakushika mkono na kukupeleka moja kwa moja kwenye kijiwe cha wasemaji.

Wa kwanza kukupokea ni “eloquent”, mtu mzima, kanzu safi. Huyu hana madhara, ndiyo maana hatutamtumia. Lakini ana ndugu. Wote ni wa tumbo moja, kitenzi cha Kilatini “loqui”, kusema, na kwa mbali wanafanana mno. “Loquacious” hafungi mdomo. “Grandiloquent” hawezi kuomba chumvi bila utangulizi. “Ventriloquist” ni yule wa maonyesho anayemsemesha mwanasesere, na jina lake lamaanisha asemaye kwa tumbo. Mgeni anaona ukoo wa heshima umekaa mkekani. Jirani anajua nani apewe kipaza sauti na nani apelekwe uani wakwe wakija.

“Articulate” nalo ni la Kilatini, limetokana na kiungo kidogo, kama cha kidole. Mtu wa namna hii huyatenga maneno yake viungo viungo, kila kimoja kikasikika. Ni neno hilohilo Waingereza wanalolitumia kwa lori ambalo kichwa na tela vimeungwa katikati, yale yanayokwenda Tunduma. Neno zuri, ila lina mwiba ambao hakuna orodha inayouonyesha. Januari 2007, siku ileile aliyotangaza kugombea urais wa Marekani, Joe Biden alishinda akijieleza kuhusu sifa alizommwagia mpinzani wake Barack Obama. Miongoni mwake lilikuwemo “articulate”, na lilikuwemo hata neno la usafi. Wamarekani Weusi wanalijua hilo “articulate” tangu zamani: ni sifa unayopewa na mtu aliyetarajia kwamba hutajua kusema. Mwaka uliofuata Obama alimchukua awe mgombea mwenza, kwa hiyo usikate tamaa, kisawe kibaya nacho kinaweza kumfikisha mtu Ikulu.

Halafu kuna watu wa maji. “Fluent” ni mto unaotiririka. “Effusive” ni ndoo iliyopinduka, mtu anayekushukuru kwa glasi moja ya maji mpaka unajuta kumpa. “Gushing” ni bomba lililopasuka barabarani na fundi hajulikani alipo. “Voluble” limetokana na kuviringika. Huyo ni pipa kwenye mteremko, na wewe uko chini. “Glib” ni sakafu yenye sabuni: maneno yanateleza, hayashiki popote, na msikilizaji bila kujua kwa nini anaupapasa mfuko wake wa pochi. Orodha inawaweka “fluent” na “glib” kitanda kimoja, kana kwamba aliyevuka Pangani kwa mtumbwi na aliyeanguka bafuni wote wamesafiri kwa maji.

Mengine nitayapita mbio. “Demonstrative” ulilijua shuleni kwenye sarufi, maneno ya kuonyesha, hiki na kile. Likivaliwa na mtu, ni yule asiyeficha mapenzi, anakumbatia, anabusu, analia mbele za watu. Mwandikie hivyo mhasibu uone. “Graphic” ni kueleza jambo hadi mtu alione mbele ya macho, na kwa sababu hiyo televisheni hulitumia kuwaonya wenye watoto kabla ya kuonyesha damu. Kijana akimwambia mchumba kwamba barua zake ni “graphic”, mama mkwe asiione hiyo. “Colourful” ina rangi kweli, lakini lugha yenye rangi kwa Mwingereza ni matusi yaliyosemwa kwa adabu. “Silver-tongued” ni ulimi wa fedha, husifiwa nao wakili na tapeli, mara nyingine kwa siku moja.

“Bombastic” ndilo lililokipoteza kizazi changu cha wanafunzi. Shaggy alipotoa wimbo wake wa Boombastic mwaka 1995, kila kijana darasani aliamini kwamba ni sifa, na nikasahihisha insha ambazo mkuu wa shule, padri na hata marehemu babu walikuwa “bombastic”. Chimbuko lake ni pamba. Pamba halisi, ya kushindilia ndani ya nguo. Enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza wanaume wa Kiingereza walizishindilia nguo zao kifuani na tumboni waonekane wameshiba, na kutoka hapo neno likahamia kwa yule anayeshindilia maneno. Jirani yake “fustian” naye alikuwa kitambaa kabla ya kuwa makelele. Hapa kwetu vijana wakimwona mtu amependeza husema katupia pamba, na sherehe haianzi mpaka mpambaji amemaliza kupamba. Kwa hiyo sishangai kwamba walilipenda.

Ukitaka hatari zaidi, nenda kwenye sifa ambazo Waingereza wenyewe huzitoa wakiwa wameuma meno. Hugh Massingberd alihariri taazia za gazeti la Daily Telegraph kutoka 1986 hadi 1994, na ukurasa wake ulikuwa na lugha yake ya siri iliyojulikana na wasomaji wote. Marehemu mlevi aliandikwa “convivial”, mchangamfu. Marehemu aliyewachosha watu kwa visa visivyokwisha aliandikwa “tireless raconteur”, msimuliaji asiyechoka. Familia inashukuru, nchi nzima inacheka chini chini. Wewe unayeliona neno hilo kwenye simu yako unaona tu kwamba ni zuri na lina asili ya Kifaransa.

Wako waliojaribu njia ya kinyume kabisa. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri na kuichapisha kwa Kiswahili mwaka 1963, Antony anasimama mbele ya maiti na kuwaambia Warumi kwamba yeye si msemaji kama Brutus, ni mtu wa kawaida tu asemaye wanayoyajua. Hajamaliza, mji umeshawaka. Njia hiyo ni kali lakini inahitaji maiti, na mwombaji wa kazi kwa kawaida hana. Na kama vyote vimekushinda, huko Ireland, karibu na mji wa Cork, kuna kasri la Blarney lenye jiwe ukutani juu kabisa. Watu hupanda ngazi, hulala chali, huning'iniza kichwa nyuma na kulibusu, wapate kipaji cha kusema. Jina la kasri hilo katika Kiingereza limekuwa neno la maneno matamu yasiyo na kitu ndani, jambo ambalo halijapunguza foleni.

Jambo la kuepuka kwa kila hali ni kipimo cha barazani. Nakitaja ili ukikwepe. Chukua neno lako la Kiingereza, ulitafutie mwenzake wa Kiswahili, kisha ulitamke mbele ya watu wazima. Tuseme mmetuma mshenga. Mshenga mzuri ni mtu mwenye maneno: anajua kubisha hodi, anajua kuzunguka, anajua pa kutua. Amerudi na jibu la heri, na baba mtu anamsifu. Atasema huyu ana ulimi, huyu ni mlumbi, huyu amewaelewesha. Sasa ifanye kazi ya Roget, sogea hatua moja kwa jirani. Mshenga wetu ni mropokaji. Sogea nyingine: mpayukaji. Nyingine: ni domokaya, alikwenda akabwabwaja vizuri sana mpaka tukapewa mke. Hutamaliza kikombe cha kahawa. Na hakuna mwalimu aliyekuketisha akakufundisha tofauti ya kulumba na kuropoka. Uliijua kwa kusikia nani kaitwa hivyo, saa ngapi, kwa sauti gani, na nani alisusa kula baada ya hapo. Kiingereza nacho hujifunzwa hivyohivyo, lakini hilo linachukua miaka, na kama nilivyosema, kesho ndiyo mwisho wa kupokea maombi.

Basi, ile barua.

Binti wa jirani yangu alikuja jioni moja, amefunga ushungi vizuri, bahasha mkononi.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, mwanangu. Mama hajambo?”

“Hajambo, anakusalimu. Amesema nije nikuombe barua.”

Hoteli fulani ilikuwa inatafuta mtu wa mapokezi. Binti huyu ndiye hasa mtu wa kazi hiyo. Mgeni akipotea mtaani kwetu, yeye ndiye humwelekeza, na mgeni hufika. Akieleza ugonjwa wa bibi yake kwa daktari, bibi mwenyewe husema ndiyo, ni hapo hapo. Nikaandika “expressive”. Nikaandika tena. Wasifu wake aliokuja nao ulikuwa tayari na ile “excellent communication skills” ambayo kila mwombaji kazi anayo, hata asiyepokea simu, nikasema hapana, mtoto huyu anastahili zaidi. Nikamfungua Roget.

Nilipofunga kitabu nilikuwa nimeandika kwamba ni “voluble” na wageni, ni “glib” katika lugha tatu, na ni “demonstrative”, hasa kwa wateja wa kigeni. Kwa lugha ya nyumbani, niliiambia hoteli kwamba wakimwajiri watampata msichana asiyenyamaza, mwenye maneno ya utelezi, anayekumbatia watalii. Nikatia sahihi, na chini yake nikaandika kwamba nimefundisha Kiingereza kwa miaka mingi.

Alirudi baada ya siku nne. Alikaa ukingoni mwa kiti.

“Mwalimu, naomba nikuulize kitu, ila nisije nikakukosea adabu.”

“Uliza tu, mwanangu.”

“Yule mama aliyenihoji aliisoma barua mara mbili. Akaniuliza kama mimi na wewe tuna ugomvi.”

“Sisi? Ugomvi wa nini?”

“Nami nikamwambia hatuna. Akasema basi mwalimu wako ana ugomvi na Kiingereza.”

Kazi akapewa mwingine. Kwa wiki nzima nilipita njia ya nyuma nisikutane na mama yake, ambaye alipokuja kunikuta alinishukuru kwa barua ndefu vile, na shukrani ile ilinikaa vibaya kuliko tusi.

Hoteli nyingine ilipotangaza nafasi nilimwandikia barua ya mistari minne. Nilisema anazungumza kwa uwazi, watu wanamwelewa, na ana subira na anayeuliza mara mbili. Neno “clear” nililitumia mara mbili, na la pili lilipokuwa linatoka kwenye kalamu mkono ulinitetemeka kama nimeingia dukani kwa mtu na kuchukua kitu. Sikulifuta. Nikamkabidhi barua, nikalala.

Asubuhi yake akagonga tena. Binamu yake anayesoma chuo alikuwa ameipitia barua usiku ili kuipa hadhi. “Clear” la pili limekatwa kwa mstari wa rula, na juu yake, kwa mwandiko mzuri sana, pameandikwa “loquacious”.

“Mwalimu, hili nimelitafuta,” akasema. “Maana yake ni mtu asiyefunga mdomo. Nalo tuliache?”

Tuliiandika upya palepale, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikiandika. Sasa yuko hoteli hiyo, zamu ya usiku.

Mwenye barua ya kuandikiwa aje jioni baada ya alasiri, nipo barazani na kamusi ya kawaida ninayo. Roget sinaye. Pengo lake liko kwenye rafu tangu mwezi ule binamu alipokuja likizo, na nikiangalia lile neno lilivyoandikwa najua kitabu kiko wapi. Namwomba asiwe na haraka ya kukirudisha.